Unga wa Njano Juu ya Mapanki

Atakayepokea karatasi hizi kabla hazijapigwa chapa, namwomba anisamehe. Mwandiko wangu umelala chini kama nyasi zilizopitiwa na ng'ombe, na shule niliishia darasa la saba, kwa hiyo herufi l na r bado zinanichanganya kama zinavyowachanganya wengi wa kwetu. Palipokosewa pasahihishwe tu. Naandika polepole sana. Sentensi moja naweza kuianza uji ukiwa jikoni na kuimaliza vyombo vimeshaoshwa. Nikiongea ni hivyo hivyo, isipokuwa kwenye kuongea watu hawana subira ya kukungoja.

Tulikuwa tunakaa Kiseke, upande wa juu, mahali nyumba zilipoishia na mawe yalipoanza. Baba alikuwa amepunguzwa kazi kwenye kiwanda cha nguo, akaenda machimboni kutafuta dhahabu, na habari zake zilitufikia kwa midomo ya wapita njia. Tulibaki mimi na mayu. Mayu ndiye mama. Kwetu tunaita hivyo.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Biashara ilikuwa ruksa, mitumba ruksa, kila mtu na akili yake. Viwanda vya minofu vilikuwa vimeota kandokando ya ziwa, na sangara akawa anasafiri kwa ndege kwenda Ulaya. Minofu ilikwenda huko. Sisi tulibakiwa na kichwa, uti wa mgongo na mkia, vikiwa bado vimeshikana. Hayo ndiyo mapanki. Mayu aliyachukua kiwandani kwa mikokoteni pamoja na kina mama wengine, akayapandisha mlimani, akayaanika juu ya mawe. Mawe ya Kiseke yakipigwa na jua yanachoma kama kikaango. Mapanki yakikauka aliyajaza kwenye viroba na kuyapeleka Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, ambako wafanyabiashara wa bara waliyanunua kwa ajili ya watu wasioweza kununua samaki mwenye nyama.

Niliona haya na kazi hiyo. Niseme mapema ili msomaji asipate taabu ya kunitafuta. Harufu ya mapanki haikai mkononi tu, inaingia kwenye nywele, kwenye shuka, kwenye daftari. Bombani, wasichana wenzangu waliniachia nafasi pana kuliko niliyohitaji. Mmoja wao alikuwa na kawaida ya kusema, nikifika, kwamba leo ziwa limepanda mlima. Wenzake walicheka, na mimi nilicheka pia, kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya na uso wangu.

Kule tulikoanika kulikuwa na kichaka cha aina moja kilichojaa katikati ya mawe, kirefu cha kufika kiunoni, chenye majani makavumakavu ya kukwaruza. Mbuzi hawakukipenda. Sisi tulisugulia sufuria. Mayu alikuwa na matumizi mengine. Alikata matawi yake na kuyafunika juu ya mapanki, kwa sababu mwewe, kunguru na korongo wale wenye vipara walikuwa wanatupora mchana kweupe, na ndege akishuka juu ya matawi yale alichomwa miguu akaondoka. Hata nzi walipungua. Kina mama wengine walinunua nyavu kuukuu. Mayu alisema mlima unampa wavu bure.

Miaka yote niliyokaa pale sikuwahi kuona kichaka kile kikitoa ua. Nilidhani ni miti isiyo na maua, kama walivyo watu wasio na ndevu. Kisha mwaka mmoja mvua zilikawia, zikaja zote kwa pamoja, na matawi yakaanza kuwa na vifundo vidogo kama mtama. Mayu aliviminya kwa kucha. Akaniambia aliwahi kuviona mara moja tu, akiwa msichana mdogo anayechunga ndama, kwenye mlima mwingine mbali na pale. Akataja na jina la ua hilo kwa Kisukuma, kisha akasema huenda si jina lenyewe.

Vifundo vilipasuka. Kwanza mlima ulionekana kama umefunikwa na moshi mwepesi wa zambarau. Baada ya siku chache haukuwa moshi tena. Mlima wote, kutoka nyuma ya nyumba yetu mpaka kwenye mabega yanayotazama ziwa, ulikuwa zambarau, na mawe makubwa yalikuwa yametokeza katikati yake kama ng'ombe waliolala kwenye maji. Kilima cha pili nacho vilevile, na cha tatu. Nyuki walikuja wengi mpaka mlima ulivuma kama mashine ya kusaga iliyo mbali. Kila ua lilikuwa dogo, kama kikombe cha kuchezea, na ndani yake kulikuwa na unga wa njano uliokushika kidole ukakataa kutoka.

Mwenzangu mwingine labda angefurahi. Mimi nilifurahi asubuhi ya kwanza tu. Baada ya hapo watu walianza kuja.

Walitoka mjini kuangalia. Walimu walileta watoto wa shule. Mpiga picha alikuja na kamera yake na kiti cha kukalisha wateja. Jumapili moja ilikuja familia ya Kihindi yenye duka mjini, na gari lao liliachwa chini kwa sababu njia ilikuwa mawe matupu. Walikuwa na bibi kizee aliyevaa sari, wakamshika mikono huku na huku mpaka juu. Walitandika kitambaa kwenye maua na kufungua vyombo vya chakula. Mimi nilikuwa nyuma ya jiwe nikigeuza mapanki, mikono yangu imejaa mafuta mpaka kwenye viwiko. Sikusogea. Upepo ukageuka ukatokea kwangu ukaenda kwao. Nilimsikia dereva wao akiwaambia, kwa heshima tu, kwamba kuna kitu kimekufa karibu na hapo, afadhali wasogee. Wakakunja kitambaa chao wakasogea. Yule bibi ndiye aliyetaabika zaidi kushuka. Nilibaki nimechuchumaa mpaka gari lao likawaka.

Jioni nilimwomba mayu tuhamishe maanikio, twende upande wa pili ambako wageni hawafiki. Aliniuliza kama upande wa pili una jua la asubuhi. Nikasema hauna.

Aliendelea na kazi yake kama kawaida, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Alikata matawi, akafunika mapanki. Hakufikiri kwamba mwaka huo matawi yana maua. Au alifikiri, akaona hayadhuru. Sangara ana mafuta mengi, hata mifupa yake inang'aa, na ule unga wa njano ulipomwagika juu ya mafuta ulishika kama rangi ya ukutani. Tulipofunua, mapanki yalikuwa na manjano kwenye vichwa, kwenye mbavu, kila mahali, na hapa na pale doa la zambarau. Mayu alifuta moja kwa upande wa kanga, likazidi kuenea. Akasema vumbi la maua halijawahi kumuua mtu. Tukajaza viroba.

Msomaji wa mbali lazima aelewe jambo moja. Miaka hiyo kulikuwa na habari kwamba baadhi ya wavuvi wanamwaga sumu ziwani, dawa ya kuulia wadudu wa mashambani, ili samaki waelee wenyewe. Watu walikuwa na hofu. Samaki mwenye jicho lisilo la kawaida alitupwa. Na sisi tukaingia Mwaloni asubuhi na viroba vya mapanki ya njano.

Mteja wa mayu alikuwa mama mmoja mnene kutoka Shinyanga, anayenunua kwa wengi na kukodi Toyota ya mizigo. Alikuwa mteja wetu wa siku nyingi, na bila yeye tusingekuwa na mtu wa kutuchukulia mzigo wote kwa pamoja. Alifungua kiroba cha kwanza, akaingiza mkono, akautoa. Kiganja chake kilikuwa cha njano.

"Mama wa Kiseke," aliita, "njoo hapa. Umewapaka nini hawa?"

Mayu hakuwa na Kiswahili kingi. Alikielewa, lakini kukitoa kilimgomea. Akajibu neno moja.

"Maua."

Wapagazi waliokuwa karibu wakaanza kucheka. Mmoja, kijana mwenye kofia ya soka, aliinua panki moja kwa mkia na kuwaonyesha wenzake. "Huyu ametoka harusini huyu. Mnaona poda?" Mwingine akasema siku hizi ni ruksa, hata samaki anajiremba. Lakini nyuma yao mtu ambaye sikumwona alisema neno sumu, na kicheko kikakatika. Watu walirudi nyuma kidogo, kisha wakasogea mbele, kama watu wafanyavyo panapotokea nyoka.

Aliitwa bwana samaki, yule afisa wa uvuvi anayekagua pale. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kijana bado, shati lake limepigwa pasi, na aliamkia kwanza: "Shikamoo, mama." Mayu akasema marahaba. Bwana samaki akamwuliza manjano hayo ni ya nini. Mayu akanigeukia mimi. Macho yake yaliniambia, wewe umesoma, sema.

Nilisema. Sitaki mtu afikiri sikusema. Lakini nilisema kwa kuiangalia miguu yangu, na sauti yangu ilitoka kama ya mtu aliyefunikwa blanketi.

"Ongea juu, binti," yule mpagazi wa kofia alisema. "Samaki hawakusikii."

Nikarudia kwamba ni unga wa maua ya mlimani kwetu, kwamba tunafunika mapanki kwa matawi, na mwaka huu matawi yamechanua. Bwana samaki alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema yeye amezaliwa Butimba na amekulia hapa hapa Mwanza, na hajawahi kuona maua yanayomwaga unga kiasi hicho. Hakusema kwa kunitukana, alisema kwa kushangaa. Nami nilijua haiwezekani kumlaumu, kwa sababu hata mimi nilikuwa sijawahi kuyaona mpaka mwezi ule.

Hapo mayu alifanya jambo ambalo bado naliona. Alichukua panki, akavunja shavu la kichwa penye nyama kidogo, akaliweka mdomoni likiwa kavu vile vile na njano yake. Akatafuna mbele yao wote. Unga ulimbaki mdomoni. Hakuna aliyecheka safari hii. Yule mama wa Shinyanga alimshika mkono, akamwambia taratibu, "Acha, dada yangu. Hata ingekuwa sumu, kwa hasira hiyo ungeila."

Bwana samaki akatoa uamuzi. Atakwenda mwenyewe Kiseke kuona. Maua yakiwepo, na ikionekana kweli ndiyo yaliyofanya hivyo, mayu atachukua viroba vyake na kuuza. Yasipokuwepo, mzigo wote utamwagwa na kuchomwa, na mayu asionekane tena Mwaloni na samaki wa aina yoyote. Mayu alielewa kila neno. Niliona kwa jinsi alivyokalia kiroba kimojawapo, kama mtu aliyeegemea mlango ili usifunguliwe. Akasema yeye haondoki kwenye mali yake. Mimi ndiye nitakayewapeleka, alisema.

Nikapata ujasiri wa kuuliza kitu. Niliuliza kama ningeweza kukimbia nikalete tawi moja.

"Tawi unaweza kulitoa popote," alijibu bwana samaki. "Nataka kuona mnapoanika."

Ua nisingeona taabu kumwonyesha mtu. Lakini yeye alitaka kuona mahali penyewe: mawe yaliyojaa mafuta meusi, funza chini ya vichwa, pipa lililokatwa tulilokaangia, chumba chetu kilichoegemezwa kwenye jabali, na gunia tulilolifanya mlango. Wasichana wa bombani hawakuwahi kufika pale. Nilikuwa nimehakikisha hivyo kwa miaka.

Tulipanda ile Toyota ya mama wa Shinyanga. Yeye na bwana samaki mbele, mimi nyuma pamoja na wapagazi waliojileta wenyewe kwa sababu kulikuwa na jambo la kutazama. Yule wa kofia alikaa mkabala nami. Njiani alisema kama maua hayapo nimwambie mapema aruke, asije akapigwa bure. Kisha aliniona usoni, akatazama barabara.

Gari lilipozunguka jabali la mwisho, mlima ukatokea.

Dereva alisimamisha gari katikati ya njia bila kuambiwa. Kijana wa kofia aliivua, sijui kwa nini, akaishika mkononi. Jua lilikuwa limepanda, zambarau ile ilikuwa inawaka mpaka juu kabisa, na huko juu upepo ulikuwa ukiinamisha maua yote kwa pamoja na kuyainua. Mama wa Shinyanga aliteremka, akasema polepole, "Jamani, na mimi nimekuja Mwanza miaka yote hii." Bwana samaki alikuwa tayari ameingia kwenye vichaka, na suruali yake iliyopigwa pasi ilikuwa imegeuka njano mpaka magotini. Alijitazama. Akacheka peke yake.

Kama ningekuwa naandika hadithi ya kutunga ningeishia hapo. Lakini alisema, "Haya, tuonyeshe mnapoanika," na nikawapeleka.

Mzigo mwingine wa mapanki ulikuwa umelala juu ya mawe, umefunikwa. Aliinua tawi moja, akalitikisa juu ya kiganja chake. Unga ukamwagika. Alichukua panki lililokuwa chini yake, akalinganisha, akanusa kiganja, akanusa samaki. Akasema, "Ni maua." Akarudia kwa sauti ili wengine wasikie. Kazi ilikuwa imekwisha. Mali ya mayu ilikuwa imepona, na nafasi yake Mwaloni imepona, na mimi ndiye niliyewaleta.

Na hata hivyo sikuinua kichwa. Kwa sababu baada ya kuona maua, waliona na mengine. Nzi walituzunguka. Kijana wa kofia alitazama lile gunia la mlangoni, upepo ukalisukuma, akaona ndani kitanda chetu na viroba vilivyopangwa mpaka darini. Mama wa Shinyanga alivuta ncha ya kanga yake akaziba pua. Kisha akaniona namwangalia, akaishusha haraka, akatabasamu, akasema hapa kwenu pazuri sana. Ile haraka yake ya kuishusha kanga ndiyo iliyoniumiza. Angebaki ameziba ningezoea.

Tulirudi. Bwana samaki alitangaza pale pale sokoni kwamba mzigo ni safi, akaonyesha magoti yake kama ushahidi, watu wakacheka kicheko kingine. Mama wa Shinyanga alichukua viroba vyote, ila aliomba tuvifute, maana huko anakokwenda hakuna mlima wa kumwonyesha mteja. Tulikaa chini mimi na mayu na matambara, tukafuta panki moja moja mpaka mchana. Mayu alikuwa anaimba kwa kunong'ona.

Habari zilienea Mwaloni, na watu wa Mwaloni wakawa wanakuja kutazama. Hawa hawakuwa kama wageni wa Jumapili. Walimfahamu mayu, walikuja moja kwa moja mpaka maanikioni. Mayu aliwapokea kama amefungua nyumba mpya. Aliwaonyesha jinsi anavyokata matawi, anavyoyapanga, mwewe anavyochomwa. Kwa Kiswahili chake kidogo alikuwa akiwachekesha. Kijana wa kofia alikuja na mama yake mzazi. Kila walipotokea njiani mimi nilikuwa na kuni za kutafuta upande wa pili wa mlima.

Siku moja mayu alinifuata huko. Alikuta nimekaa, sina hata kijiti. Hakugomba. Alikaa pembeni yangu kwenye maua, akanyoosha miguu yake yenye magamba ya sangara yaliyokaukia, akaniuliza kwa Kisukuma, kwa sauti ya kuuliza kweli:

"Unamwonea haya nani, mimi au samaki?"

Nilifungua mdomo. Nilitaka kusema samaki. Neno lilikuwa rahisi, na lingemridhisha. Lakini nilijua, na nadhani naye alijua, kwamba tangu muda mrefu nilikuwa siwezi kuwatenganisha. Nikang'oa ua nikaanza kulipasua. Alingoja, akangoja tena, na yeye ni mtu anayeweza kungoja. Kisha akasimama, akakung'uta kanga, akasema mapanki yanataka kugeuzwa. Nikamfuata tukaenda kuyageuza.

Maua yalidumu muda usiofika miezi miwili. Baadaye vichaka vyote vilikauka kwa pamoja, kila kimoja, mlima ukabaki rangi ya majivu. Mayu sasa ana wavu kama wengine. Bado anauza, mama wa Shinyanga bado ananunua. Tunaishi vizuri mimi na mayu, tunaongea mambo mengi, lakini swali lile hajalirudia, na mimi kila nikitaka kulijibu naona limeshapitwa na kazi ya siku hiyo.

Ndiyo maana nimeandika. Kama na wewe ulilelewa na kazi ambayo hukutaka watu waione, na mzazi wako akakuuliza alivyoniuliza mimi, naomba uniandikie kupitia kwa watakaochapa karatasi hizi uniambie ulimjibu nini. Kama hukumjibu, niandikie vilevile.